Visanduku vingi, orodha moja: tiki za mtumiaji zihifadhiwe vipi kwenye programu ya simu

Chukua dodoso la afya kwenye simu. Swali ni moja, "Una dalili zipi kati ya hizi?", na chini yake kuna visanduku 15: homa, kikohozi, maumivu ya kichwa, kutapika, vipele, kizunguzungu na kuendelea, hadi inabidi mtu askroli kuvimaliza. Mtumiaji anatia tiki kwenye vitatu, anabonyeza Hifadhi, anafunga programu. Akirudi kesho anategemea kuzikuta tiki zake tatu mahali pake, bila kupungua wala kuongezeka.

Kwa kuitazama, ni kazi ya nusu saa. Ugumu wake umejificha kwenye jambo moja: kisanduku unachokiona ni picha tu ya jibu. Jibu lenyewe linapaswa kukaa kwingine, kwenye orodha, na mtengenezaji asipolitenganisha na picha yake mapema, hitilafu zinaanza kuchipuka sehemu ambazo hakuzitarajia.

Swali lenye jibu moja halina shida hii. Umri ni namba moja, tarehe ya kuzaliwa ni moja, kila kimoja kinaingia kwenye nafasi yake. Visanduku ni tofauti kwa sababu kila kimoja ni swali la ndiyo au hapana linalojitegemea, na visanduku 15 vinaweza kutoa michanganyiko 32,768. Wanaoanza huwa wanatengeneza kigeu kimoja (nafasi yenye jina ya kuwekea thamani) kwa kila dalili: `homa` ni kweli, `kikohozi` si kweli, na kadhalika. Kwa visanduku vitatu ambavyo havitabadilika kamwe, hakuna ubaya wowote. Kwa 15 unakuwa na vigeu 15, safuwima 15 kwenye hifadhidata, na masharti 15 kwenye msimbo wa kuhifadhi. Ikiongezwa dalili ya 16, unavunja na kujenga upya. Orodha inaondoa mzigo huo kwa sababu inabeba vilivyochaguliwa tu. Kisichokuwemo hakijachaguliwa.

Skrini haikumbuki

Njia inayomjia mtu haraka ni kusubiri mtumiaji abonyeze Hifadhi, kisha kupita kisanduku kimoja baada ya kingine kikiulizwa, "Una tiki?", na kila chenye tiki kinaingizwa kwenye orodha. Kwenye ukurasa mfupi inafanya kazi vizuri kabisa, na ndiyo maana inadanganya.

Kwenye ukurasa mrefu, simu haitengenezi mistari yote. Ikiwa skrini inaonyesha mistari minane, Android, kupitia RecyclerView (zana yake ya kuonyesha orodha ndefu), inatengeneza hiyo minane na ya akiba kidogo. Unaposkroli, mstari uliotokomea juu unachukuliwa na kurudishwa chini ukiwa na maandishi mapya, kama sahani za karamu zinazotoka mezani na kurudi na chakula kingine. Sahani isipooshwa, inarudi na mabaki. Mabaki yenyewe ni tiki: mtumiaji ametia tiki kwenye homa, ameskroli chini, na anakuta kizunguzungu nacho kina tiki ambayo hakuiweka. Akirudi juu, huenda ile ya homa imetoweka. Kitanzi kile cha kuuliza kila kisanduku nacho kinaambulia visanduku vilivyopo kwenye skrini wakati huo, kwa kuwa vingine havipo kabisa. Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, ina mfano wake: ukiweka hali ya tiki ndani ya mstari wa `ListView.builder`, mstari ukitoka nje ya skrini vya kutosha unatupwa pamoja na hali yake.

Kwa hiyo mpangilio unageuzwa. Mtumiaji akigusa kisanduku, kinachobadilika kwanza ni orodha. Skrini inachorwa kutokana na orodha. Kila mstari unapoonekana unauliza, "Je, kitambulisho changu kimo?" Kama kimo, unachora tiki, kama hakimo, unaifuta. Hiyo "unaifuta" isisahaulike, maana wengi huandika tawi la kutia tiki na kuacha la kutoa, na sahani inarudi mezani bila kuoshwa.

Kuna mtego mwingine hapohapo kwenye RecyclerView, na huu umewala wengi. Mstari uliorudishwa unakuja na msikilizaji wake wa zamani, yaani msimbo unaoitwa kila tiki inapobadilika. Unapoandika `isChecked = false` ili kuusafisha, Android inaona tiki imebadilika, inamwita msikilizaji, na msikilizaji huyo bado anashughulikia dalili ya zamani. Anaiondoa homa kwenye orodha huku mtumiaji hajagusa kitu. Dawa ni kufuata utaratibu: kwanza mwondoe msikilizaji kwa `setOnCheckedChangeListener(null)`, kisha weka hali ya tiki, mwisho ndipo umweke msikilizaji mpya. Ukibadilisha mfuatano huo, orodha inaharibika kwa kuskroli tu.

Zana mpya za kutengenezea skrini, kama Jetpack Compose, SwiftUI na React Native, zimejengwa juu ya wazo hili la skrini kufuata data, hivyo mtego wa msikilizaji haupo. Compose na React Native zina mtego wao wenyewe: ukiongeza kitu ndani ya orodha ileile iliyopo, mara nyingi mfumo hautambui kwamba kuna kilichobadilika, kwa sababu kwake orodha ni ileile. Tiki haionekani ingawa data imo. Unatakiwa kuipa hali yako orodha mpya kila mara, au utumie aina ya orodha ambayo mfumo unaifuatilia. Kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, fanksheni nzima ya kugusa kisanduku inaweza kuwa hivi:

```
fun gusa(id: String) {
    zilizochaguliwa =
        if (id in zilizochaguliwa) zilizochaguliwa - id
        else zilizochaguliwa + id
}
```

Alama za `+` na `-` hapa hazigusi kilichopo. Zinatoa nakala mpya. Msimbo mfupi, na sijaona sababu ya kuurefusha.

Ndani ya orodha unaweka nini?

Si maandishi ya kisanduku. Leo kimeandikwa "Maumivu ya kichwa", mwezi ujao mhariri anakibadilisha kuwa "Kuumwa kichwa", au programu inatafsiriwa kwa lugha nyingine, na majibu yote ya nyuma hayalingani tena na chochote.

Si nafasi yake kwenye skrini pia. Kisanduku cha tatu ni cha tatu hadi mtu aamue kupanga dalili kwa alfabeti. Siku hiyo kila aliyekuwa na maumivu ya kichwa anaweza kujikuta na dalili nyingine, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, kwa sababu kwa kompyuta namba 3 bado ni namba 3. Hitilafu za kimya za aina hii ndizo mbaya kuliko zote.

Kinachowekwa ni kitambulisho kisichobadilika, neno fupi kama `homa` au `maum_kichwa`, au namba iliyogawiwa mara moja na kutotumika tena kwa kitu kingine. Mimi napendelea maneno. Ukifungua hifadhidata usiku unatafuta kosa, `homa` inajieleza, 7 haijielezi. Maneno pia yanakuepusha na kichekesho cha Java: ukiwa na orodha ya namba na kuandika `orodha.remove(3)`, Java haiondoi namba 3, inaondoa kilicho kwenye nafasi ya 3, yaani cha nne, kwa kuwa inahesabu kuanzia sifuri. Kotlin iliipa ya nafasi jina lake, `removeAt`, ili watu wasichanganye.

Wanaotumia MIT App Inventor, ambako programu inajengwa kwa kuunganisha vipande badala ya kuandika msimbo, wana toleo lao la jambo hilohilo. Huko orodha inahesabiwa kuanzia 1, na kuondoa kitu ni lazima uitafute nafasi yake kwanza. Kisipokuwemo unapewa 0. Ukiitumia hiyo 0 kuondoa bila kuiangalia, programu inatoa kosa. Weka sharti kabla ya kuondoa, na kabla ya kuongeza uliza kama kitu kimo tayari. Hapo orodha haitapata marudio. TinyDB, hifadhi ya App Inventor ndani ya simu, inapokea orodha nzima chini ya lebo moja, kwa hiyo huna haja ya kuigeuza kuwa maandishi.

Marudio yanaleta suala la seti. Seti ni mkusanyiko usiokubali kitu kuingia mara mbili, na kwa visanduku hicho ndicho unachotaka: homa ipo au haipo, haiwezi kuwepo mara mbili. Ndani ya programu tumia seti. Orodha yenye mfuatano itumie pale tu ambapo mfuatano una maana, kwa mfano ukimwambia mtumiaji achague mambo matatu kwa kuanzia na lililo muhimu zaidi. Kwenye dodoso letu, aliyetia tiki kwenye homa kabla ya kikohozi hajasema lolote zaidi ya aliyefanya kinyume. Panga dalili kwa mfuatano wa dodoso unapozionyesha, basi.

Pa kuhifadhi

Kabla ya Hifadhi kubonyezwa, orodha iko kwenye kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo inapotea kirahisi. Kwenye Android, kuigeuza simu kutoka wima kwenda mlalo kwa kawaida kunavunja skrini na kuijenga upya. ViewModel, sehemu ya Android ya kutunzia data ya skrini, inavuka tukio hilo. Haivuki lingine: mtumiaji amepokea simu, amekaa kwenye programu nyingine, mfumo umehitaji nafasi ukaua mchakato mzima. Akirudi anaona ukurasa uleule, tiki hamna. `SavedStateHandle`, ambayo mfumo unaitunza hata mchakato ukiuawa, ndiyo ya kuvukia hapo. Ni jambo la mistari michache, na kwenye dodoso refu ndilo linaloamua kama mtu ataendelea kulijaza au atalitupa.

Kwa mambo madogo, kama mada ambazo mtumiaji anataka kupata taarifa zake, hifadhi ya mipangilio inatosha. SharedPreferences, hifadhi hiyo kwenye Android, imekuwa na `putStringSet` ya kuhifadhi seti ya maneno tangu Android 3.0 ya mwaka 2011. Ina sharti moja linalopuuzwa: seti unayoipata kwa `getStringSet` usiibadilishe. Ukiichukua, ukaongeza `kikohozi` ndani yake na kuihifadhi tena, inaweza kuonekana imekubali, kwa sababu umebadilisha kitu kilekile kilicho kwenye kumbukumbu. Lakini mfumo ukilinganisha cha zamani na kipya unaona ni kimoja, hauandiki kwenye faili, na programu ikifungwa na kufunguliwa `kikohozi` hakipo. Tengeneza nakala, ongeza kwenye nakala, hifadhi nakala. Mfuatano nao hauhakikishwi, kwa kuwa ni seti. Flutter ina `setStringList` inayotunza mfuatano, na UserDefaults, hifadhi ya mipangilio ya iOS, inapokea orodha moja kwa moja.

Majibu yakiwa mengi, na hasa yakihitaji kuulizwa maswali baadaye, unaingia kwenye hifadhidata. Kwenye simu hiyo mara nyingi ni SQLite, hifadhidata ndogo ya majedwali, nayo haina aina ya data inayoitwa orodha. Seli moja, thamani moja. Wazo hilo ni la Edgar F. Codd wa IBM, aliyeweka msingi wa hifadhidata za uhusiano, yaani za majedwali yanayounganishwa, mwaka 1970, na watu wamekuwa wakitafuta njia ya kulizunguka tangu hapo.

Mzunguko maarufu ni kuunganisha vitambulisho kwa mkato na kuviweka kama maandishi: `1,10,12`. Kuhifadhi ni rahisi, kusoma ni rahisi. Kisha anakuja mtu anayetaka wagonjwa wote wenye dalili namba 1, anaandika `LIKE '%1%'` (yaani "maandishi yoyote yenye 1 ndani yake"), na anapewa waliochagua 1 pamoja na waliochagua 10, 11, 12, 21 na 31. Ripoti inatoka na idadi iliyofura, na kwa kuwa idadi yenyewe haionekani ya ajabu, hakuna anayeishuku. Unaweza kuziba tundu hilo kwa kuweka mkato pande zote mbili, `,1,10,12,`, na kutafuta `,1,`. Inafanya kazi. Hata hivyo kila utafutaji unalazimika kusoma maandishi ya kila mstari wa jedwali, na siku kitambulisho kikiwa na mkato ndani yake, kila kitu kinakatika vibaya.

JSON, namna ya kawaida ya kuandika data kama maandishi, ni hatua moja mbele: `["homa","kikohozi"]`. Mkato na alama za kunukuu vinashughulikiwa na maktaba, na Room, maktaba ya Android ya kutumia SQLite, inakuruhusu kuandika kigeuzi kinachobadilisha orodha kuwa maandishi na kurudi. SQLite yenyewe inaweza kuchambua JSON, na tangu toleo 3.38.0 la mwaka 2022 uwezo huo umo bila kuombwa. Ila programu ya Android kwa kawaida inatumia SQLite iliyokuja na simu, na simu kuukuu zina matoleo ya zamani, kwa hiyo kisichogoma kwenye simu yako kinaweza kugoma kwa mtumiaji. Kama unachofanya ni kuhifadhi jibu na kulirudisha kama lilivyo, JSON inatosha na ningekushauri uishie hapo.

Kama kuna atakayeuliza "wangapi wana homa na kikohozi pamoja?", tengeneza jedwali la kiungo. Lina safuwima mbili: kitambulisho cha jibu na kitambulisho cha dalili, zikiwa kwa pamoja ndiyo ufunguo mkuu, yaani utambulisho wa mstari usioweza kujirudia. Mtumiaji mwenye tiki tatu anapata mistari mitatu. Marudio yanakataliwa na hifadhidata yenyewe, utafutaji unatumia faharasa badala ya kusoma kila mstari, na kuongeza dalili mpya hakubadilishi muundo wowote.

Kuhifadhi mabadiliko kwenye jedwali hilo kuna hatua mbili: kufuta mistari ya zamani ya jibu hilo, kisha kuingiza mipya. Zifunge kwenye muamala mmoja, ili zikamilike zote au isikamilike hata moja. Betri ikizimika katikati bila muamala, ya zamani imekwisha kufutwa na mipya haijaingia. Dodoso linabaki na mtu asiye na dalili hata moja.

Ipo na njia ya biti, ambayo wahandisi wa zamani huipenda. Kila chaguo linapewa namba ya mbili kwa kipeo: 1, 2, 4, 8, 16. Jumla yake ndiyo inahifadhiwa, na 21 inafumuliwa kwa namna moja tu, 16 na 4 na 1. Inabana nafasi ajabu. Ila namba ya biti 32 haibebi zaidi ya machaguo 32, nafasi ya kila biti imefungwa milele, na 21 haimwambii lolote anayeisoma. Kwenye kifaa chenye kumbukumbu finyu ina mantiki. Kwenye simu ya kawaida, huo ni ubahili usio na faida.

Kutochagua chochote ni jibu

Aliyefika kwenye swali la dalili akaona hana hata moja, na ambaye hakulifikia kabisa, wote wawili hawana tiki. Kwa daktari hao ni watu wawili tofauti kabisa. Orodha inaweza kuwatofautisha ukitaka: orodha tupu `[]` ni "nimejibu, hakuna", na `null`, yaani kutokuwepo kwa orodha yoyote, ni "sijajibu". Tofauti hiyo ni dhaifu, kwa sababu njiani kuelekea kwenye seva kuna maktaba zinazoweza kupangwa kuacha orodha tupu ili kupunguza ukubwa wa ujumbe, na upande wa pili haiji `[]`, hakiji kitu. Fomu za HTML nazo ndivyo zilivyo tangu zamani: kisanduku kisicho na tiki hakitumwi kabisa. Seva iliyoandikwa kwa kanuni ya "kisichotumwa hakijabadilika" itamnyima mtumiaji uwezo wa kutoa tiki ya mwisho. Anaitoa, anahifadhi, anarudi, anaikuta.

Ndiyo maana madodoso makini huwa na kisanduku cha "Hakuna hata moja". Kikiwekwa tiki kinafuta vingine vyote, na kingine kikiwekwa tiki kinakifuta hicho. Sheria hiyo iandikwe kwenye fanksheni inayobadilisha orodha, ile ile `gusa`, isitawanywe kwenye visanduku. Visanduku vitajichora vyenyewe.

Mtumiaji akiwa na simu mbili, kutuma orodha nzima kunaleta ugomvi: simu ya kwanza imeongeza homa, ya pili imeongeza vipele, na iliyotuma mwisho inafuta kazi ya mwenzake. Ni salama zaidi kutuma badiliko lenyewe. Firestore, hifadhidata ya Google ya mtandaoni, ina `arrayUnion` na `arrayRemove` kwa kazi hiyohiyo, kila moja ikiongeza au kuondoa kitu bila kugusa vingine.

Badiliko hilo hilo lenyewe linahitajika hata ndani ya simu moja, chaguo linapostaafishwa. Tuseme toleo jipya la dodoso halionyeshi tena vipele, lakini majibu ya zamani yanavyo. Mtumiaji anafungua jibu lake la zamani arekebishe kitu kingine, programu inakusanya inachokiona, inahifadhi, na vipele vinafutika bila mtu kuvigusa. Unapohifadhi, anza na orodha ya zamani. Ondoa vile tu vilivyoonyeshwa kwenye skrini na kukosa tiki, ongeza vilivyopata tiki, na vitambulisho ambavyo toleo hili halivijui uviache vilivyo, huku maandishi yake yakibaki kwenye jedwali la dalili yakiwa na alama ya kustaafu, ili anayesoma jibu la zamani aone "Vipele" badala ya nafasi tupu.